Udongo wa Bondeni

Cassien Niyomugabo hakanyagi ardhi kama watu wengine. Akifika kwenye kiwanja kipya huvua kandambili zake, huziweka pembeni kwa adabu kama mtu anayeingia sebuleni kwa wakwe, kisha hutembea polepole kutoka kona hadi kona, kisigino kwanza. Mwenye kiwanja akianza porojo, Cassien humwinulia mkono bila hata kumtazama. Watoto wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, wameuiga mwendo ule mpaka wamechoka, na mkewe Béatha humtania kwamba siku moja atamwona anabisha hodi kwenye majani. Yeye hajali. Anasema ardhi ina habari zake, na mwenye viatu hazimfikii.

Kazi yake ni kuandaa mahali pa kukaa nyumba. Kabla fundi hajaweka tofali la kwanza, lazima mtu aondoe udongo wa juu wenye mizizi na takataka, achimbe mpaka afike kwenye ugumu, ajaze kifusi kizuri tabaka juu ya tabaka, akinyunyizie maji kwa kiasi na kukishindilia, mpaka pabaki jukwaa bapa lililoinuka juu ya kiwanja. Pale kambini wanaliita fondasyo. Nyumba ikishasimama, hakuna anayeliona tena. Wageni watasifia mlango, watasifia bati, watasifia hata pazia la kuazima, na hakuna hata mmoja atakayeuliza kuna nini huko chini. Kazi ya namna hiyo inamfaa mtu asiyetaka sifa, au mtu mwenye jambo la kuficha. Cassien alikuwa yote mawili.

Lakini tusimseme vibaya kabla hatujamwona kazini. Wakati wa kiangazi, miaka ile njia zilipokuwa bado wazi kwake, alidandia lori alfajiri mpaka Lilongwe, akafanya ganyu, yaani kibarua cha kutwa, kule Nsungwi ambako nyumba mpya zilikuwa zinachipua kila wiki. Msimamizi wa Kimalawi alimwita madala, yaani mzee, akampa kona ngumu kuliko zote. Simama hapo saa tatu asubuhi utazame. Cassien anachota udongo mwekundu, anaufinya kwenye kiganja mpaka uwe donge, anaunyoosha mkono usawa wa kifua, anauachia. Donge likisambaratika kuwa vumbi, linataka maji. Likibandika chini kama ugali, maji yamezidi. Likivunjika vipande vinne au vitano, basi, hapo ndipo. Anamwaga tabaka la shibiri moja, siyo zaidi, na gogo la kushindilia linaanza kupanda na kushuka. Mwanzoni udongo unajibu puu, puu, kama mtu anayepiga godoro. Unaendelea kujibu hivyo mpaka wewe unayetazama unakata tamaa kwa niaba yake. Halafu, bila kukuaga, sauti inabadilika. Ti! Ti! Kile kitu ambacho robo saa iliyopita kilikuwa vumbi la kumwingia kuku machoni sasa kinalia kama jiwe. Kilichoongezwa ni maji kidogo na uzito wa mtu. Cassien ameisikia sauti hiyo mara elfu na kila mara nywele za mikono zinamsimama. Aliwahi kumwambia Béatha kwamba kama kuna mahali anapoelewa jinsi Mungu alivyomfanya mtu kwa udongo, ni pale.

Sasa lile jambo lake.

Cassien alizaliwa kwenye kilima cha Rwanda, na kule kwao udongo wa heshima ulitoka bondeni. Watu walishuka kwenye kinamasi, wakachimba ule mweusi unaonata, wakafyatua matofali na vigae, na nyumba zikadumu kuliko waliozijenga. Alikuja nao kichwani udongo ule, akauvusha misitu ya Kongo kwa miguu, akafika nao Malawi ukiwa mzima. Kwa hiyo mwaka 2012, Hubert, fundi cherehani wa Bukavu, alipomwomba amtengenezee fondasyo pale Dzaleka, Cassien aliutazama udongo mwekundu wa kiwanja akaudharau. Akashuka na toroli mpaka dambo, bonde la majimaji chini ya kambi, akapandisha udongo mweusi wiki mbili mfululizo. Wakulima wa Kimalawi waliokutana naye njiani walimwambia hayo ni makande, ndivyo wanavyouita udongo mweusi unaonata, hayajengewi, wakamtikisia vichwa. Aliwajibu zikomo, asanteni, akaendelea kusukuma.

Aliushindilia ukang'aa kama sufuria jipya. Juu yake alijenga Minani, Mrundi, fundi wa matofali mwenye mkono ulionyooka kuliko wote kambini. Mvua zikaja, nyumba ikasimama, Hubert akaalika watu wakanywa soda.

Kinamasi cha kwao hakikauki. Hapa, kuanzia Mei mpaka Oktoba, mbingu haitoi hata tone, na udongo mweusi uliokunywa ukavimba wakati wa mvua hurudi ndani, hukunjamana, hupasuka mpaka unaweza kutia mkono mzima kwenye ufa. Asubuhi moja ya Septemba mwaka uliofuata, ukuta wa chumba cha watoto ulianguka wote juu ya kitanda. Arlette, binti wa Hubert mwenye miaka minne, alikuwa ametoka kitandani muda huohuo kwenda kudai uji. Uji ndio uliomwokoa, na haukuwa hata na sukari.

Ukuta ukianguka, watu wanamtafuta aliyejenga ukuta. Walimzunguka Minani. Walisema alichanganya vibaya, walisema alijenga kwa haraka awahi kazi nyingine, na Hubert, mwanae mkononi, alimtukana matusi ambayo mshonaji nguo za kwaya hakutegemewa kuyajua. Minani aliutazama ule ukuta kama mtu aliyepigwa kofi usingizini. Alirudia neno moja tu: "Mi nilipima na timazi. Nilipima."

Cassien alikuwepo. Aliuona ufa. Aliona kwamba haukuanzia kwenye tofali. Ulianzia chini, kwenye ule weusi wake unaong'aa, ukapanda juu kupitia kazi safi ya Minani. Nitasema kesho, alijiambia, wakipoa. Na walipoa kweli, lakini kwa kusahau, na Minani akakosa kazi. Nani ampe fundi aliyekaribia kuua mtoto? Alihamia Mponela, akawa anabeba magunia ya mahindi kando ya barabara kuu. Hubert naye alihamia Lilongwe na cherehani yake. Cassien alijifunza udongo mwekundu wa Malawi mpaka akawa bingwa wake, na kesho ile ikafika miaka kumi.

Mwaka 2023 amri ilitoka kwamba wakimbizi waliokaa mijini warudi kambini. Hubert akarudi, yeye na mkewe na Arlette, ambaye sasa alikuwa msichana wa kuangalia chini akisalimiwa. Walipewa kipande upande wa chini, karibu na kisima cha kupampu. Walilala kwenye chumba cha kanisa pamoja na familia nyingine tatu, na mwisho wa Oktoba ulikuwa unakaribia. Kabla ya mvua lazima wawe na nyumba yao.

Hubert alikuja kwa Cassien moja kwa moja, tena akitabasamu, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Papa Tuyishimire, mi nimekuja kwako. Ile mara ya kwanza we ulifanya kazi muzuri, ule Minani njo aliharibu. Sasa nitatafuta masoni mwingine, lakini fondasyo ni yako."

Cassien alisema sawa. Angesema nini? Usiku ule hakula, na Béatha, aliyekuwa mtu pekee duniani anayejua, hakumuuliza sababu. Alimwekea chakula, akakiondoa, akasema tu, "Utamwambia lini?"

Kwenye kiwanja alivua kandambili, akatembea. Akachimba shimo la kujaribu, la kina cha goti, kisha akaurudisha udongo uleule ndani bila kuukanyaga. Ardhi ikiwa imara, udongo hurudi ukabaki mlima mdogo juu, haupati pa kukaa. Huu uliingia wote, na shimo likabaki na nafasi kama linaomba zaidi. Akachimba tena, na kwenye kina cha paja akaukuta: chini ya wekundu, tabaka zima la makande, jeusi, lenye unyevu, kama vile lilikuwa linamngoja. Lilibidi litoke lote. Siku tano yeye na Hubert walichimba na sururu, wakalirundika kando, jua likalikausha, na kila asubuhi lile rundo lilikuwa limepasuka zaidi.

Siku ya sita Hubert aliinama akaokota bonge. Aliligeuza mikononi, akalisugua kwa kidole gumba kama anavyosugua kitambaa kujua uzito wake.

"Lakini huu udongo uko muzuri," alisema. "Unakamata. Si njo huu ulitiaka kwa nyumba yangu ya kwanza? Juu ya nini leo unautupa?"

Hapo Cassien angeweza kusema chochote. Angesema ule ulikuwa mwingine, angesema siku hizi kuna ufundi mpya, na Hubert angeamini, kwa sababu Hubert anajua suruali, hajui udongo. Alisimama shimoni, maji ya jasho yakimtiririka mpaka kwenye mkanda.

"Njo huu," alisema. "Njo huu uliangusha nyumba yako."

"Unasema nini?"

"Minani alijenga muzuri, Papa Arlette. Ukuta haukukuwa na kosa. Fondasyo njo ilipasuka, na fondasyo ni mimi. Niliona tangu siku ile. Nikanyamaza."

Foleni ya kisimani ilikuwa inacheka jambo fulani.

"Ile siku nilimuita muuwaji wa batoto," alisema Hubert. "Mbele ya bantu bote."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Ulikuwa pale," alirudia Hubert. Akaliweka lile bonge chini taratibu, kama mtu anayerudisha yai la watu, akapangusa mikono, akaondoka.

Hakurudi kesho yake. Wala keshokutwa. Shimo lilikuwa wazi, refu kama nyumba na la kina cha paja, na upande wa Dowa mawingu yalianza kujikusanya kila alasiri. Mvua ikiingia mle, kingo zingeporomoka, chini pangekuwa tope, na kazi yote ingepotea pamoja na msimu. Cassien alichukua toroli akaanza kuleta udongo mwekundu.

"Na kama Hubert harudi?" aliuliza Béatha.

"Shimo iko wazi, Mama Tuyi."

"Hata kama anatafuta muntu mwingine?"

"Iko wazi."

Béatha alimtazama yule mume wake mbishi, akafunga kitenge kiunoni vizuri, akashika mkono wa pili wa gogo la kushindilia. Siku tatu walishindilia wawili, uso kwa uso, yeye upande huu na mkewe upande ule. Shibiri moja, maji, puu, puu, mpaka ti. Shibiri nyingine. Watu wa kisimani walishangaa kumwona mwanamke mzima wa kanisa akifanya kazi ile, na mmoja alipouliza, Béatha alimjibu kwamba yuko danseni na mume wake, kuna shida gani? Jioni ya siku ya tatu jukwaa lilikuwa limetoka shimoni, likapita usawa wa ardhi, likasimama kimo cha ndoo. Jekundu, bapa, kona nne zimenyooka. Cassien alichimba mfereji kulizunguka kwa nguvu zilizobaki.

Mvua ilikuja alasiri iliyofuata. Ilikuwa ile ya mapema ambayo Wamalawi huiita chizimalupsa, inayozima moto wa mashamba, na kwa kawaida ni ya kupita tu. Hii haikupita. Ilishuka kana kwamba huko juu mtu amesahau kufunga. Cassien alisimama chini ya upenu wa jirani, akaona maji yakija kutoka upande wa juu wa kambi, ya kahawia, yamebeba masuke, chupa, kiatu cha mtoto. Yalikuta rundo la makande na rundo likalainika likaanza kutambaa lenyewe. Yalikuta jukwaa.

Yaligawanyika. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Yalifika kwenye ile kona nyekundu, yakasita, yakaenda kulia na kushoto, yakajaza mfereji, yakaungana tena upande wa pili na kuendelea na safari yao. Matone yalipiga juu ya jukwaa yakaruka. Cassien alingoja kona iteleze, alingoja kingo ziyeyuke, alingoja saa nzima mdomo wazi. Miaka ishirini amefanya kazi hii na hajawahi kusimama kuitazama ikifanya kazi yake. Vumbi! Vumbi alilolileta yeye na toroli lenye gurudumu bovu. Aliogopa, na ilikuwa hofu nzuri, ile inayomshika mtu kanisani wimbo ukipanda. Alilia, na kwa kuwa kulikuwa na mvua hakujisumbua kufuta machozi.

Asubuhi mbingu ilikuwa imeoshwa. Cassien alikuwa anazibua mfereji, tope mpaka magotini, aliposikia breki za kabaza, baiskeli za kubeba abiria. Baiskeli mbili zilisimama. Ya kwanza ilimshusha Hubert, nguo zimekunjamana kama mtu aliyelala safarini. Ya pili ilimshusha mwanamume mwembamba, mabega yameinama mbele kwa sababu ya magunia, na mkononi ana mfuko wa plastiki ambao ndani yake kitu kirefu kilikuwa kinagonga chuma. Cassien alihitaji muda kumtambua Minani.

Alitaka kusema. Minani alimwinulia mkono.

"Hubert ameniambia yote. Mi nataka kusikia kwa kinywa yako," alisema. "Lakini siyo hapa. Pale."

Alionyesha kisimani. Palikuwa na wanawake kama thelathini, ndoo zao, wazee wawili wa kanisa, na muuza mandazi. Cassien alikwenda jinsi alivyo, na tope lake. Alisimama mbele ya pampu, akaomba wamsikilize. Akasema jina lake, kana kwamba hawalijui. Akasema nyumba ya Hubert iliyoanguka mwaka ule iliangushwa na udongo wake, kwamba Minani alijenga sawasawa, kwamba yeye alijua na alinyamaza miaka kumi na mtu akala taabu. Mkono wa pampu uliacha kupanda na kushuka. Mwanamke mmoja alisonya, msonyo mrefu wa kumfikia kila mtu, na Cassien aliona ni haki yake.

Aliporudi, Minani alikuwa juu ya jukwaa. Katika mfuko alikuwa ametoa nyundo na kipande cha nondo. Fundi wa matofali akikabidhiwa fondasyo hulijaribu hivi: anasimamisha nondo katikati, penye kifusi kirefu, anaigonga mara kumi. Ikizama, anafunga mfuko wake anaondoka. Hubert alisimama kando amefumbata mikono. Béatha alikuja na chai, akaisahau mkononi.

Minani aligonga. Moja, mbili, tatu. Nondo ilizama upana wa kidole. Nne, tano. Ikasimama. Kuanzia ya sita ilikuwa inalia tu, sauti kali, safi, ikienda mpaka kisimani. Ya kumi ilipoisha, ncha ya juu ilikuwa imekunjwa na nyundo na ncha ya chini haijasogea. Alihamia kona ya kwanza, kisha ya pili, zote nne. Kisha akapiga goti, akaweka kiganja wazi juu ya ule udongo uliokesha kwenye mvua, akakiacha pale. Cassien hakuweza kuvumilia.

"Minani, ndugu yangu. Unanisamehe?"

Minani hakuinua kichwa.

"Kusamehe tutaona," alisema. "Leo mi najenga."

Alitoa mwiko. Mpini wake ulikuwa mweusi kwa kukaa bila mkono. Hubert akasogeza matofali, wakavuta kamba kutoka kona hadi kona, na Minani akachota udongo wa kujengea, akautandaza. Tofali la kwanza alilitoa na kulirudisha mara tatu, na hakuna aliyecheka. La pili lilikaa mara moja. La nne alilipiga kwa mpini, tak, tak, bila hata kulitazama, na mabega yake yale yaliyoinama yalinyooka kidogo, na Cassien, aliyekuwa amesimama kando asijue aweke wapi mikono yake, aliona mtu anarudi mwilini mwake mbele ya macho yake. Ile mvua ya jana haikuwa kitu. Alitamani kupiga magoti.

"Cassien!" aliita Minani, mgongo umegeuka, kama anavyoita fundi yeyote asubuhi yoyote. "Maji! Udongo unakauka huku."

Cassien alikamata ndoo akakimbia. Alikuwa na miaka hamsini na sita na goti moja bovu, na alikimbia mpaka kisimani, mbele ya wale wanawake thelathini waliotoka kumsikia, akaomba wampishe, fundi anangoja.

Walimtazama. Halafu wakampisha.